Siku Bomba la Tisa Lilipoacha Kunuka

Nakumbuka adhuhuri moja ya Novemba, mwanangu, ukungu umeshuka mzito hata ungeweza kuukata kwa kisu ukapaka mkate. Najua utanijibu kwa Kiswidi. Nijibu utakavyo, ila sikiliza kwa Kiswahili.

Nilikuwa kijana, nimemaliza shule ya jioni juzi tu, na cheti changu cha kupima maji ya ardhini nilikitembeza mfukoni mpaka kikalegea kama chapati. Nilidhani Uswidi nzima ilikuwa ikinisubiri mimi. Tulifanya kazi kwenye kilima kimoja upande wa mji wa Södertälje. Ndani ya mwamba wake watu wa zamani walichimba mapango, wakahifadhi mafuta. Mafuta yaliondolewa, lakini masalia yalibaki yakielea juu ya maji huko gizani, yakitoa gesi. Baraza la mkoa likaamuru kila mwezi tufungue mabomba kumi na mawili yaliyozamishwa kilimani, tupime kina cha maji, tuandike kama kuna utando wa mafuta au harufu. Bomba likikaa miezi mitatu bila dalili, linafungwa moja kwa moja.

Mkubwa wangu alikuwa Mama Spesioza, Mrundi, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Huyu kila bomba alilipigia hodi. Kweli kabisa! Anagonga kifuniko kwa spana mara tatu, anafungua, anarudi nyuma upande unakotoka upepo, kipima gesi mkononi, anangoja. Na bomba, mwanangu, lilipumua. Fyuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyeamshwa usingizini. Uzito wa hewa ya juu ukibadilika, pango hupumua. Sasa najua sababu. Wakati ule nilijua tu kwamba nywele zimenisimama, nikazificha kwa utani.

"Mama Spesi, hao wa chini wakikujibu 'karibu', utaingia?"

"Cheka tu, mdogo wangu. Wakijibu, watamjibu aliyeinama."

Siku ile alibaki garini akibadilisha betri ya kile kipima gesi. "Ningoje," akaniambia. Mimi? Mwenye cheti? Nikaenda bomba la tisa peke yangu. Miezi miwili lilikuwa safi, huu ulikuwa wa tatu. Nikafungua bila kugonga, nikainama. Likanipumulia usoni uvundo wa mayai viza, mayai yaliyotagwa kabla ya Nuhu! Nikakohoa. Nikavuta pumzi ya pili, ya tatu. Kisha harufu ikakatika, kama mtu amezima taa. Nikafurahi. Nikaandika kwenye fomu: *Hakuna harufu.*

Kukawa kimya. Hata kunguru hawakulia. Chini ya kilima ilikuwa nyumba ya mzee Gunnar, mstaafu aliyeishi na mbwa wake. Mbwa alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ghala la viazi, lile la chini ya nyumba, anatetemeka, habweki. Nikateremka, kichwa kinagonga. Mzee Gunnar akatokea mlangoni na ndoo, uso umempauka.

"Habari njema," akasema taratibu. "Wiki nzima mle ndani kulinuka mayai mabovu. Leo nimeingia, kumenuka kidogo, halafu harufu ikaisha kabisa. Narudi kumalizia viazi."

Nyuma yake, ngazini, walilala panya watatu, wamenyooka sambamba kama waliopangwa na mtu.

Maneno ya mzee yalikuwa yaleyale niliyoyaandika kwenye fomu. Nikamkumbatia kiunoni, nikamburuta hadi barabarani, ndoo na yote. Mama Spesioza akaja mbio. Kipimo kikaanza kulia mkononi mwake kabla hajaufikia ule mlango, kikalia kama mtoto aliyeachwa.

Mzee alilazwa siku mbili, akapona. Mama Spesioza hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Gesi hii huua pua kwanza, mtu baadaye," alisema. "Ulipoacha kuinusa, ndipo ilipokushika. Haya, andika."

Nikakata nilichoandika, nikaandika upya: *Harufu kali, kisha pua yangu ikafa. Nilifungua peke yangu, bila kipimo.* Fomu ikaenda kwa baraza la mkoa pamoja na aibu yangu. Bomba la tisa halikufungwa. Waliamuru nyufa za mwamba zilizopeleka gesi ghalani zizibwe, na pango lipewe njia ya hewa. Mzee Gunnar alinipa viazi kila vuli, kila kiazi kikubwa kuliko kichwa changu, na unakijua kichwa changu.

Mwanangu, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ubaya unaonuka walau umekupa taarifa. Uogope ule uliokukera jana na leo hukukeri tena, uwe kazini, nyumbani au moyoni mwako. Usikimbilie kuandika "hakuna". Toka nje, urudi na mtu ambaye pua yake bado ni ngeni. Na ukishakosea, kata, andika upya, utie jina lako.

Mungu akuachie pua kali hadi uzeeni, akupe mwenzi wa kukuambia "ningoje", na kila mlango utakaoupigia hodi, akujibu aliye hai.