Injini Mbili na Msafara wa Wajir

Nisikilize kwanza, wewe unayependa sauti ya injini kubwa. Mimi pia naipenda, kwa hiyo sikukatazi. Nataka tu kukueleza polepole jinsi nilivyokaribia kumkosesha mtu mke wake kwa sababu ya sauti hiyo, halafu utaamua mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa magari Garissa miaka ile ya vita, mara baada ya uhuru. Wenyeji walituita watu wa Kenya, sisi tuliotoka ng'ambo ya mto, kana kwamba wao walikuwa nchi nyingine, na hilo hasa ndilo lililokuwa likipiganiwa. Gereji yetu ilikuwa ua wa mabati na kiunzi cha magogo chenye mnyororo wa kuinulia injini. Kazi ilikuwa malori, malori na malori. Hakuna aliyesafiri peke yake. Ukitaka kwenda Wajir ulichukua kibali, ukangoja siku iliyopangwa, kisha ukajipanga na wenzako nyuma ya lori la jeshi.

Sasa, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mtu mnene mwenye ndevu za hina na kicheko cha kusikika soko zima. Mke wake alikuwa amemwachia nyumba akarudi kwao Wajir. Kosa lilikuwa la bwana, na yeye mwenyewe hakulificha. Katika safari yao ya mwisho kiti cha mbele cha lori alimpa mnunuzi wa ng'ombe kutoka Nairobi, na mke wake akapanda juu, pamoja na mbuzi, kutoka Garissa mpaka Wajir. Mama yule alishuka, akakung'uta vumbi, akaingia kwa wazazi wake. Baadaye alimtuma dereva na maneno haya: "Mwambie sirudi juu ya mbuzi. Kiti cha mbele kikiwa na mgeni, basi aishi na mgeni."

Kaka zake walikubali kungoja msafara mmoja tu. Bwana asipofika na msafara huo, wangeanza mazungumzo ya talaka.

Asubuhi moja mfanyabiashara akaja gereji akivutwa na lori lake mwenyewe, ameketi ndani ya gari la spoti lisilo na paa, jekundu, la chini kama sahani. Alikuwa amelinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama.

"Fundi, hesabu viti ngapi hapa."

"Viti viwili, mzee."

"Mgeni akija, atakaa wapi?"

"Hana pa kukaa."

"Basi! Hata nikitaka kukosea tena, siwezi."

Gari lilikuwa na injini ya silinda nne, iliyolala muda mrefu. Nyuma ya lori kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake injini nyingine, ya silinda sita, ambayo yule Mzungu alitaka kuifunga lakini hakuwahi. Kiwanda kilikuwa kimelitengeneza gari lile likubali zote mbili. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya msafara.

Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Silinda ni chumba ambamo petroli inalipuka na kusukuma. Vyumba vinne, nguvu ya kutosha. Vyumba sita, nguvu zaidi, sauti nzito zaidi, na moto zaidi. Moto huo huondolewa na maji yanayozunguka mpaka kwenye rejeta, pale mbele, ambako upepo huyapoza.

"Wewe ungechagua gani?" akaniuliza.

Nilipaswa kumwuliza anakwenda wapi na kwa mwendo gani. Badala yake nilijibu haraka, kijana ambaye sijawahi kuigusa injini ya silinda sita: "Kubwa, mzee. Mke atakusikia kabla hujaingia mjini."

Akacheka mpaka akashika mlango.

Tukaifunga kubwa kwa siku mbili. Tuliijaribu kwenye uwanda ulio wazi kando ya mji, mahali ambapo askari wa kizuizi cha barabarani waliweza kutuona na kujua hatutoroki. Nilikanyaga mafuta. Lo! Gari liliruka, vumbi likasimama nyuma yetu kama ukuta, na mzee akawa anapiga dashibodi kwa kiganja akisema "Maashallah! Maashallah!" Askari walipunga mikono. Mshale unaoonyesha joto la maji haukutikisika. Tulirudi mjini kama washindi.

Mama yake mfanyabiashara alikuwa ameketi langoni mwa gereji, amekuja kuona gari litakalomrudisha mkwewe. Alitutazama tuliposhuka.

"Mlikuwa mnamfukuza nani?" akauliza.

"Hooyo, tunajaribu injini," mwanawe akasema, akimwita mama kwa Kisomali.

"Na msafara unakwenda mbio hivyo?"

Msafara ulikwenda kwa mwendo wa lori zito kuliko yote, na mchangani lori hilo lilikwenda kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Mama huyo alikuwa amesafiri na ngamia tangu ujana wake. Akanieleza, akichagua maneno ya Kiswahili mojamoja, p ikimtoka mara nyingine kama b, kama wenyeji wengi. "Ngamia ya safari sisi hatujaribu kwa kukimbia. Tunafunga nyuma ya ile inakwenda bole kuliko zote, anatembea naye siku nzima. Akikasirika, akitoa povu, huyo tunauza."

"Tutampata wapi wa polepole hapa mjini?" mwanawe akauliza.

Mama akaonyesha kwa kidevu. Mkokoteni wa punda ulikuwa unapanda kutoka mtoni na mapipa mawili ya maji.

Basi siku hiyo, jua likiwa utosini, watu wa Garissa waliona gari jekundu la spoti likimfuata punda. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza, mguu ukicheza na klachi. Mwenye punda, mzee mkavu mwenye ulimi mwepesi, aligeuka nyuma kila hatua.

"Fundi, ukitaka kubita sema, nitakupisha!"

"Tunakufuata tu, mzee."

"Bunda yangu anauliza, hiyo kitu inakula nyasi gani?"

Watu walitoka madukani. Mfanyabiashara aliinamisha kichwa kama mwizi. Punda alisimama penye kila mteja, nasi tukasimama. Mteja wa tatu, mshale ulianza kupanda. Wa nne, rejeta ikapiga mluzi. Wa tano, mvuke ukatoka chini ya boneti, na mwenye punda, bila kuombwa, akateka ndoo ya maji akaiweka mbele yetu.

"Mnywesheni. Amechoka."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Rejeta ile ilikuwa ya injini ya silinda nne. Gari likienda mbio, upepo ulisaidia. Likienda polepole, ilibaki feni peke yake, nayo haikuweza kupoza vyumba sita. Rejeta kubwa haikuwapo Garissa nzima. Nilimwambia hivyo waziwazi, na kwamba mimi ndiye niliyemshauri vibaya.

Hakukasirika. Alihuzunika tu. "Ile ndogo ina sauti ya cherehani," akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini cherehani hufika mwisho wa nguo."

Tukaishusha kubwa, tukaisafisha ndogo, tukaifunga. Tukamtafuta tena yule punda. Tulimfuata mpaka akamaliza mapipa yote, na mshale ulikaa katikati bila kusogea. Mfanyabiashara mwenyewe ndiye aliyesema, "Funga boneti. Naenda na hii." Ile kubwa akairudisha sandukuni.

Mfanyabiashara aliondoka na msafara siku iliyopangwa. Kwa zaidi ya wiki nzima sikulala vizuri. Kila lori lililoingia nililiuliza habari. Kisha adhuhuri moja msafara ukarudi, na kati ya malori mawili, chini kabisa, nikaliona lile jekundu likija taratibu. Mwanamke aliketi kiti cha abiria, mwavuli mweusi mkononi, mtandio wake umegeuka rangi ya vumbi. Alimwambia mumewe asimame mbele yangu.

"Wewe ndiye ulifunga hii injini?"

"Ndiyo, mama."

"Ni bole sana." Akautazama mwavuli wake, kisha akanitazama tena. "Njia nzima tumeongea. Miaka sita ya ndoa, hatujawahi kuongea hivyo. Juu ya lori hasikii, na chini yeye ana wageni." Akampiga mumewe begani kwa mpini wa mwavuli. "Twende nyumbani."

Kwa hiyo, ukienda kununua gari na ukapewa injini mbili za kuchagua, omba saa nzima ya kulijaribu jua likiwa kali. Liendeshe kwa gia ya kwanza na ya pili, nyuma ya kitu kizito, ukisimama mara kwa mara bila kuizima injini. Angalia mshale wa joto kila unaposimama. Ukipanda, zima, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka kipoe kabisa.