Alama ya Nne na Kiti cha Katoni

Fishi zangu, karatasi za kupimia watoto, zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale ofisini, na nianze kwa kukiri kwamba nilijivunia. Nilipiga mistari kwa rula. Kalamu ikivuja kidogo tu, nilichana karatasi nzima na kuandika upya. Kazi ile sikuisomea. Hata sekondari sikumaliza, maana mwaka wangu wa mwisho ndio mwaka ambao madarasa yetu yaligeuka kuwa mahali pa kulala watu waliokimbia vita. Nilichojua nilikipata kwenye fotokopi za Kifaransa za kuazima, nikizisoma na kamusi magotini. Mtu aliyejifunza hivyo anaishi na hofu moja: kwamba siku moja mwenye diploma atafungua karatasi yake na kucheka. Kwa hiyo nilihakikisha hakuna cha kuchekwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwatembelea nyumbani watoto wenye ulemavu, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, kuwanyoosha viungo kama nilivyoelekezwa, na mara moja kwa mwezi kujaza fishi. Fishi ilikuwa na mistari sita: kula, kushika, kukaa, kusimama, kusema, kucheza. Kila mstari una alama kutoka sifuri hadi nne. Sifuri ni mtoto asiyeweza kabisa. Nne ni anayeweza bila kushikwa na mtu. Kwenye mstari wa kukaa, nne ilimaanisha dakika kumi, na nilizipima kwa saa ya simu.

Ilikuwa miaka ile ambayo watu walisema kumetulia. Soko lilijaa, harusi zilirudi, lakini katika kila nyumba niliyoingia kulikuwa na furushi lililofungwa nyuma ya mlango, tayari. Nilizoea kuliruka ili nimfikie mtoto.

Mtoto ninayetaka kumweleza alikuwa msichana wa miaka mitano, aliyeishi mtaa wa Ngezi katika chumba kimoja cha kupanga. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka upande wa Aveba, walikoacha shamba, na sasa alikaanga maandazi mbele ya mlango. Mtoto alikuwa na akili kali na mwili uliokataa kumtii. Shingo ilianguka, mgongo ulianguka, mikono ilikwenda inakotaka yenyewe. Siku nzima alilala chali. Nadhani hakuna aliyelijua bati la paa lile kama yeye, tundu kwa tundu.

Kisha kikaja kiti. Programu yetu ilikuwa na fundi mmoja mzee aliyetengeneza viti vya katoni. Alipanga katoni juu ya katoni, akazigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, akaanika juani siku nyingi mpaka zikawa ngumu kama ubao. Kila kiti kilifuata kipimo cha mtoto mmoja. Msichana yule nilimpima mwenyewe: paja, kiuno, kutoka kitako hadi kwapa. Nilipima mara tatu, ndivyo nilivyo. Kiti kilipofika kilimkumbatia kama ganda la karanga linavyoshika karanga. Mbele kilikuwa na kimeza, na nyuma kilikuwa na namba ya depo, ghala letu la vifaa, kwa rangi nyeupe.

Mwezi wa kwanza, kwenye mstari wa kukaa, nilimwandikia moja. Wa pili, moja. Wa tatu, mbili, na hiyo mbili niliitoa kwa huruma. Kila nilipofika alikuwa amelegea kitini, kichwa begani, mate yakimtoka. Nilikosa usingizi. Nilijua ni mimi. Labda ninamnyoosha vibaya, labda fotokopi yangu ilikosa ukurasa.

Siku moja nikagundua kwamba kwenye fishi yake nimekosea tarehe. Mwingine angekata na kuandika juu. Mimi niliandika karatasi mpya, nikarudi Ngezi siku isiyo yangu ili mama atie tena alama ya kidole chake chini.

Nilimkuta msichana nje, ndani ya kiti, wima. Andazi lilikuwa mkononi mwake mwenyewe, anauma na kumzomea jogoo aliyelitamani. Mama alikuwa ameinamia karai la mafuta. Aliponiona alitamka neno moja, haraka, kwa lugha ya kwao, na msichana akalegea papo hapo. Kichwa begani. Mate. Andazi likaanguka, jogoo akaondoka nalo mbio, na msichana akashindwa kujizuia: akacheka kwa sauti, kichwa kikasimama, na mchezo wote ukaharibika.

"Mama, iko namna gani hii?" niliuliza.

"Iko vile unaona."

"Anakaa! Tangu lini?"

"Tangu kiti." Aligeuza maandazi, hakunitazama. "Kaa, mademoiselle, kamata moja, iko moto. Karatasi usitoshe mu begi."

"Kwa nini munanificha?"

"Weye unajua kwa nini. Mutoto wa jirani kule chini, siku alianza kusimama, balisema amepona. Balifunga dosye, balibeba vile vyuma vya miguu. Sasa anatembea na matako." Hakucheka aliposema hivyo. "Siye tunajua karatasi yenu kupita weye. Nne inafukuza mutoto."

"Siwezi kuandika uongo, mama."

"Nani amesema uongo? Andika mbili. Mbili pia iko namba."

"Mbii!" akasema msichana kwa sauti yake nzito, akipiga kimeza.

"Unaona? Hata mwenye mwili amekubali."

Niliandika nne.

Ningependa kusema ukweli ulinilazimisha. Nilimwambia mama hivyo, na nilijiambia hivyo njiani. Lakini nimeahidi kukiri: nilifurahi. Nilianzisha saa ya simu, dakika kumi zikapita, msichana akiwa wima na amechoka kuigiza, na mimi niliona safu ya namba ikipanda kwenye karatasi yangu safi. Mimi, nisiye na diploma. Mama alisimama pembeni na mwiko, akingoja niondoke. Nilipomletea wino alibonyeza kidole mara moja, kwa nguvu, kikaacha alama nyeusi tii. Sikuichana karatasi ile.

Bila kushikwa na mtu, ndivyo ilivyosema fishi. Na kweli hakuna mtu aliyemshika. Alishikwa na kiti, na kiti hakikuwa na mstari wake.

Shefu wetu, mkuu wa ofisi mwenye diploma ya kweli, aliinua fishi ile juu kwenye mkutano wa Jumatatu. "Petite, hii njo kazi!" akasema. "Wengine munaniletea hadithi. Huyu ananiletea namba." Akaandika juu yake kwa wino mwekundu: lengo limefikiwa. Dosye, faili lake, ikafungwa. Wiki hiyohiyo nilitumwa na gari kurudisha kiti depo, kwa sababu vifaa ni vya watoto ambao bado hawajafanikiwa.

Msichana aliponiona nakiinua kiti, aliinua mikono yake yote miwili. Alidhani nataka kumweka ndani.

Mama alifungua taratibu kitambaa cha kitenge alichokuwa amekishonea kiti ili mtoto aegemee. "Hii iko yangu," akasema, akakikunja. Kisha akanionyesha kwa kidevu ile mikono iliyokuwa bado juu. "Na hii, utaandika kwa mustari gani?"

Niliweka kiti nyuma ya gari na kukifunga kwa kamba, vizuri, kisije kikakwaruzwa.

Miezi ikapita. Picha ya msichana ndani ya kiti ilibandikwa ukutani ofisini, kubwa, na wageni walipokuja walisimama mbele yake na kutikisa kichwa kwa furaha. Nilikuwa nikipita hapo nikiangalia sakafu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichonichoma, na nilipokielewa hasira ilinishika ambayo mpaka leo sijui pa kuiweka. Tunampima mtoto mpaka siku anayotupendeza, kisha tunafumba macho. Tunamwondolea kilichomnyanyua kwa sababu kimemnyanyua. Fishi ina mahali pa kuandika amefika, haina mahali pa kuandika amerudi, na sisi tunaiita kupima! Muuza mafuta sokoni akipima hivyo, akina mama watamvunjia chupa.

Jumapili moja nilikwenda Ngezi baada ya ibada, bila gari na bila begi la kazi. Msichana alikuwa chali kwenye mkeka. Alinitambua, akageuza macho, akarudi kwenye bati lake. Nilimwinua, nikamkalisha, nikaachia mikono. Alianguka kabla sijaitazama simu. Nilimkalisha tena, naye akaanguka tena, safari hii kwa upande.

"Achia mutoto," mama akasema. "Umekuya kupima nini sasa?"

"Nataka kuandika, mama."

"Uliandikaka. Uliandika muzuri sana."

Jumatatu nilijaza fishi mpya. Kukaa: sifuri. Niliipeleka kwa shefu nikiwa nimejifunza maneno yangu kwa moyo kama mtoto wa katekisimu. Aliitazama namba, akaitazama dosye, akanirudishia.

"Huyu tulimufunga."

"Ndiyo, shefu. Lakini ameanguka."

"Mutu mwenye amefungwa hawezi anguka, petite. Namba yake haiko tena kwa lisiti ya batoto. Mimi nitaandika wapi hiyo sifuri yako? Kwa ukuta?"

"Karibu na picha yake," nilisema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Haikuwa katika yale niliyojifunza kwa moyo.

Alivua miwani. "Weye ndiye uliandika nne. Ulikosea?"

Kosa ndilo neno ninaloliogopa kuliko risasi, na ninasema hivyo nikiwa mtu aliyewahi kusikia risasi. "Nne ilikuwa ya kiti," nilisema. "Mutoto na kiti pamoja njo walikuwa nne. Tumetosha kiti, tumeacha namba."

"Kiti kinangojea mutoto mwingine."

"Yupi, shefu?"

Hakujua. Nami nilikwenda kuangalia.

Kiti kilikuwa depo, chini ya makasha ya sabuni, kwenye kona inayovuja. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelowa na kufumuka, tabaka za katoni zikionekana kama kurasa. Mtunza depo, mama mpole anayefuma sweta siku nzima, aliniambia watoto wawili walijaribiwa humo na wote wawili kikawakataa. Bila shaka kiliwakataa. Nilipima mara tatu! Kiti kile kilikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani, naye alikuwa amelala chali Ngezi akihesabu matundu, huku chombo chake kikioza chini ya sabuni ili kisikose kwenye orodha.

"Nipe daftari ya kutoka," nilimwambia.

"Shefu amesaini?"

"Nitasaini mimi."

Alinitazama juu ya sindano zake. "Dada, utajitafutia matata." Lakini akalisukuma daftari. Niliandika namba ya kiti, na chini ya neno sababu niliandika: kimerudi kwa mwenyewe. Jina langu lilitoka limepinda, nikaliacha.

Baadaye nililetewa barua ya kuomba maelezo kwa maandishi. Mimi ninayechana karatasi kwa doa la wino niliijibu mara moja, bila rasimu, na kosa moja la Kifaransa ambalo nililiona nikiwa nimeshaikabidhi. Sikuomba nirudishiwe. Hayo ni ya ofisi, na yaliendelea bila utamu.

Siku ile ya kusaini nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikiwa nimekipakata kiti. Mwenye moto alinitazama kwenye kioo chake njia nzima.

"Mademoiselle, umeoa kiti?"

"Endesha."

"Mimi nauliza tu, pengine kuna harusi."

Mama alikuwa akiosha karai. Hakupiga kelele ya furaha, wala hakunishukuru, na sikustahili. Alikizunguka kiti, akagusa ule mguu uliofumuka, akasimama na mikono inayodondoka maji.

"Mutakuya kukibeba tena siku gani?"

"Sijui, mama."

"Siku atakaa muzuri?"

Jibu lilikuwa ndiyo, nami nikageukia mlango. Msichana alikuwa ametuona kupitia mlangoni. Mikono yake ilikuwa juu.

Mama aliingia ndani, akatoka na unga wa muhogo na sufuria ndogo. Alikoroga uji mzito kwenye moto uliobaki, akaupaka kwenye mguu wa kiti, tabaka kwa tabaka, akaufunga kwa utepe wa nguo. Uji ukabaki chini ya sufuria. Akachukua kile kitenge alichokuwa amekunja siku ile, akakikata kipande, akakipaka uji pande zote, akakigeuza kiti na kukibandika juu ya namba ya depo. Namba ikapotea. Alipitisha kiganja mara mbili kuondoa mapovu, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile nne.

"Shika hapa," akasema, "mpaka ikauke."

Pembe moja ya kitenge ilikuwa imekaa upande. Nilishika.