Jina la Marehemu Kwenye Skrini

Jumanne ya wiki ya pili ya Juni, ukungu ukiwa bado haujaondoka Karatu, nilimpoteza wakili niliyemfanyia kazi ya ukarani kwa miaka kumi na minne. Alianguka bafuni kwake. Tulimzika Alhamisi. Ijumaa, kabla mahakama haijafungwa saa tisa na nusu alasiri, ndiyo ilikuwa mwisho wa kukata rufaa ya mama mmoja mjane wa Rhotia. Baraza la ardhi lilikuwa limempa shemeji yake shamba la mama huyo, naye hakuwa na jingine.

Zamani ningejua la kufanya. Nilikuwa nabeba majalada kwapani hadi masjala ya mahakama, yanagongwa muhuri, narudi na nakala wino haujakauka. Kisha ukaja mfumo wa kompyuta. Wakili hakuupenda. Alikuwa ananitajia maneno, mimi nachapa, na tukimaliza anasema, "Bonyeza, dada," huku anakunywa chai. Kila shauri liliingia kwa jina lake, lakini kidole kilikuwa changu. Alipokuwa hai sikuona ubaya wowote.

Ijumaa asubuhi mama yule alinikuta nafungua ofisi, viatu vyake vina udongo mwekundu. Rufaa ilikuwa tayari. Wakili aliimaliza Jumatatu. Mke wa marehemu naye akaja na simu ya mumewe, maana namba ya kufungulia mfumo hutumwa kwenye simu ile. Mimi ndiye niliyemwomba ailete. Sifichi.

Nikaandika nywila. Simu ikalia. Mkewe akanisomea tarakimu polepole. Skrini ikafunguka: Karibu, Wakili. Chini yake jina lake kamili, na kidoa cha kijani kuonyesha kwamba yupo.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Jana yake nilikuwa nimetupa udongo juu ya jeneza lake.

"Bonyeza," mkewe akasema. "Si ndivyo mlivyokuwa mnafanya?"

"Ndivyo. Lakini alikuwa amekaa hapo."

"Mwanangu," mama akauliza, "hiyo mashine inajua kwamba amekufa?"

"Haijui."

"Basi tatizo liko wapi?"

Sheria sikuisomea. Niliishia kidato cha nne. Nilikuwa na hofu tu. Niliogopa kubonyeza, halafu wakili wa shemeji aje aulize mtu aliyezikwa Alhamisi aliwasilishaje rufaa Ijumaa, na shamba liondoke kwa kosa langu. Niliogopa kutobonyeza, muda upite mama akiwa amekaa mbele yangu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa naweza kabisa, na huenda hakuna ambaye angejua.

Nikapiga simu masjala nikaeleza yote. Mwanamke aliyepokea akanisikiliza hadi mwisho.

"Poleni na msiba. Toka kwenye akaunti ya marehemu, usiiguse tena. Huyo mama ana kitambulisho cha taifa? Afungue akaunti yake, awasilishe mwenyewe."

Nikatoka kwenye akaunti ya marehemu. Nilipomweleza mama kwamba sasa namba itatumwa kwenye simu yake, akatoa kitochi chake, kile kisimu kidogo cha vitufe, akakitazama. "Hiki? Hiki kinajua kuniita kwenye vikao vya harusi tu. Leo kinakwenda Mahakama Kuu?"

Hata mke wa marehemu alicheka kidogo.

Nikafuta jina la wakili mwisho wa rufaa, mstari aliopenda niuchape kwa herufi nene. Nikaweka la mama. Akasaini, nikaiskani. Tukaanza kumfungulia akaunti yake, mtandao ukakatika mara mbili. Namba ya kuifungulia ilipoingia kwenye kitochi, mama aliisoma vibaya, ikabidi tuombe nyingine. Ilikuwa saa nane imepita. Jasho lilikuwa linanitoka na baridi yote ile ya Juni.

Nikamsogezea kompyuta. "Bonyeza wewe, mama."

Akabonyeza, akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. "Nimeharibu?"

"Hujaharibu."

Tukakaa tunakitazama kitochi. Saa tisa na dakika kumi kikatetemeka: rufaa imepokelewa.

"Soma jina," mama akasema.

Nikamsomea jina lake.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akakifunga kitochi kwenye pindo la kitenge, akatoka kutafuta bodaboda.

Mke wa marehemu akatazama kabati lililojaa majalada. "Na hawa wengine wenye kesi?"

"Sijui, wifi."

"Na wewe utakwenda wapi?"

Nikazima kompyuta. Akazima simu ya mumewe, akaitia kwenye mkoba, tukafunga ofisi.