Marahaba ya Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajaanika dagaa, jirani wa Leonsia pale mtaani Igogo huchutama mbele ya binti yake mdogo, humtazama machoni, kisha husema, "Marahaba, mwanangu." Mtoto hajasema kitu. Maneno yake machache, shikamoo ikiwemo, yalimpotea kabla hajatimiza miaka miwili, na tangu hapo viganja vyake husuguana kutwa nzima kama vya mtu anayenawa. Ngozi ikichubuka, mama huipaka mafuta taratibu, kidole kwa kidole.

"Leo tena unaitikia ukuta?" wapangaji wenzake humtania.

"Ukuta gani unakodoa macho hivi?" mama huwajibu.

Leonsia, aliyesoma baiolojia chuoni, alimweleza mama siku moja kwa aibu kwamba jeni moja ya mtoto ilipata hitilafu yenyewe tu, wala si kosa la mzazi. Seli za ubongo hazijafa, ila hazikomai wala kuungana inavyopasa.

"Hazijafa?" mama akadaka.

"Hazijafa."

Uso wake ulivyong'aa, Leonsia akathubutu kuuliza alilokuwa akilimeza siku zote: "Mama, sauti yake ilikuwaje?"

Mama akafumba macho. Midomo ikachezacheza, kana kwamba anajaribu kuiiga.

"Nimeanza kuisahau," akasema.