Moshi wa Nyumba ya Persis

Zamani, kwetu kwenye vilima vya Gesima, mtu hakuhitaji kupiga hodi ili ajue kama jirani ameamka. Alitoka nje, akajinyoosha, akatazama ng'ambo. Moshi ukionekana juu ya paa, mwenyewe yu mzima na uji uko motoni. Usipoonekana mpaka ng'ombe watoke, mtu wa karibu alitia makaa kwenye kigae, akayafunika kwa jivu, akaenda nayo. Labda moto wa mwenzake umezimika. Labda si moto tu uliozimika. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo, lilifanywa tu. Halafu viberiti vikajaa madukani, na watu wakaona kutembeleana na makaa ni ushamba.

Persis Bonareri alikuwa na kiberiti, na alikuwa na paa la mabati, na hakuna hata kimoja kilichomwondolea upweke. Nyumba ile alijengewa na mumewe, Manasseh Ratemo, ambaye alikufa mwaka wa 1968 milango ikiwa bado inanuka rangi. Manasseh, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maringo. Alijitengea chumba kidogo, upana wake kama kitanda, cha kutundikia koti lake la kanisani, akakipa dirisha kubwa kuliko la sebuleni ili ajione vizuri anapofunga tai. Kilima kizima kilimcheka. Alipokufa, koti lilibaki kwenye msumari wake, na kila Ijumaa Persis alilipiga vumbi. Koti la Sabato halikai na vumbi, hata kama hakuna wa kulivaa.

Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Drusilla alikuwa upande wa Nyakoe, na Tryphosa alivuka mpaka na mumewe fundi wakahamia Tanzania. Mtoto wa kiume hakumpata. Na mjane asiye na mtoto wa kiume, kwa watu wetu, kila mtu hujiona ana ruhusa ya kumpangia shamba lake.

Aliyeshika mpango huo kwa bidii kuliko wote alikuwa Ombati, mdogo wake Manasseh, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyasi zake. Akawaambia wazee wa ukoo kwamba ule mteremko wa chini wa shemeji yake umelala bure, kila mtu siku hizi anapanda chai, na yeye Persis anafuga magugu. Wazee wakakaa, wakanywa chai ya Persis mwenyewe, wakaamua. Mvua kubwa za mwaka wa 1972 zikianza na mteremko ule hauna chai, Ombati atalisha ng'ombe wake pale. Na sote tulijua mahali Ombati akishalisha ng'ombe, harudi nyuma.

Persis hakubishana. Alikwenda kumtafuta bwana shamba, kijana mmoja mpole kutoka pwani aliyekuwa akitetemeka kwa baridi hata saa sita mchana, naye akamfundisha kuotesha miche ya chai kwa vipandikizi. Unakata jani moja na kipande kidogo cha kijiti chake, unakisimika kwenye kifuko cha udongo mwekundu wa chini, unafunika kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke, unakiwekea kivuli. Halafu unangoja mizizi.

"Ni kazi ya subira, mama," bwana shamba alimwambia. "Si kazi ya nguvu."

"Hiyo subira ninayo," Persis akajibu. "Nguvu ndiyo iliyokwisha."

Aliotesha nje kwanza, kando ya migomba. Ikaja mvua ya mawe, ile ya Gesima isiyomwonea haya mtu, ikapasua nailoni na kuponda kila jani. Persis alisimama mlangoni akaiangalia mpaka ikaisha. Hapo ndipo alipokikumbuka chumba cha koti, chenye dirisha kubwa, kuta nne na paa lisilotobolewa na mawe. Alilihamisha koti la Manasseh, akalitundika kwenye msumari mwingine kando ya dirisha, akapanga vifuko sakafuni, safu kwa safu, mpaka hapakuwa na mahali pa kukanyaga ila kijia cha mguu mmoja. Akafunika kwa nailoni iliyoshikiliwa na fito.

Sasa, Gesima ni mahali pa baridi. Kwetu kila kilicho kichanga hukaa karibu na moto. Mtoto mchanga hulazwa upande wa moto, na ndama aliyezaliwa usiku wa mvua huingizwa ndani, na kifaranga dhaifu hutiwa kwenye kikapu kando ya mafiga. Persis aliona miche yake ni michanga, basi akaifanyia lililo haki. Jiko lake la nje lilikuwa limeanguka na hakupatikana wa kulisimamisha, kwa hiyo alikuwa akipika ndani. Akayasogeza mafiga mpaka kwenye ukuta wa chumba cha koti, upande wa pili. Akaziba nyufa za dirisha kwa matambara. Akachochea moto asubuhi na jioni, akaridhika.

Majani yakaanza kuwa meusi pembeni. Akachochea zaidi, akidhani yanasikia baridi. Mengine yakaota ukungu mweupe, yakanywea, yakaanguka. Kila asubuhi alifunua nailoni na kutoa yaliyokufa, akayatia kwenye ungo na kuyatupa migombani, akarudi ndani. Nani angeambiwa? Aliwaza juu ya ng'ombe wa Ombati wakishuka kwenye mteremko ule aliolima na Manasseh wakiwa bado vijana, akalia, kilio cha mtu ambaye hana haja ya kujificha kwa sababu hakuna wa kumwona.

Siku moja alichoka tu. Aliingia chumbani mchana, akafunga mlango, akakaa kwenye kile kijia. Hakuwa na la kufanya, akakaa. Baada ya kitambo kidogo jasho lilimtoka. Mabati yalikuwa yakitoa joto kutoka juu, na alipoegemea ukuta ulikuwa na joto kama mgongo wa mgonjwa. Hewa ilikuwa nzito, haiendi popote. Alipumua kwa shida. Ndipo alipoelewa kwamba watoto wake hawakuwa wakifa kwa baridi hata kidogo. Alikuwa akiwapika.

Aliondoa matambara dirishani. Akachukua panga, akatoboa ukuta wa nje, wa udongo, karibu na sakafu, tundu la kupitisha mkono, na jingine juu kabisa chini ya mabati, ili hewa ya baridi iingie chini na ile ya moto itafute njia juu. Akatupa magunia yaliyolowa juu ya paa. Jua la asubuhi lilipolenga dirisha, alilivuta koti la Manasseh likaziba nusu ya kioo, na jua lilipopanda akaliondoa koti. Alimwagia sakafu maji. Aliingiza shavu chini ya nailoni, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vigumu mno kusikia kitu, na joto likizidi alifunua upande mmoja kidogo, akafunika tena.

Ila ukuta ulibaki na joto, kwa sababu ya mafiga. Basi akauzima moto.

Kwa Msabato jambo hilo si gumu sana. Ijumaa hupikwa chakula, na Sabato huliwa kilichopikwa. Persis aliirefusha Sabato yake ikawa wiki nzima. Ijumaa alishuka chini kabisa mtoni, akapika viazi na wimbi chini ya miti, ambako moshi hauonekani kutoka juu, akala viporo hadi Ijumaa nyingine, pamoja na ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Usiku alijifunika blanketi mbili. Majani hayakuanguka tena. Yaliyobaki yalisimama, ya kijani, yakimngoja.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuwa amelifikiria. Asubuhi ya kwanza bila moto aliamka, akakaa kitandani, akagundua kwamba anasikiliza. Alikuwa akingoja mtu aje na kigae. Alijua ni upuuzi, lakini alifagia uwanja mapema, akaweka kiti karibu na mlango. Huenda Jemimah wa jirani angekuja, yule aliyeimba naye kwaya tangu wakiwa wasichana. Huenda mke wa mchungaji.

Hakuja mtu. Kesho yake pia. Jemimah alipita njiani na kapu la majani ya chai mgongoni, akapunga mkono kwa mbali, akaendelea. Sabato walikutana kanisani, wakaulizana habari, wakajibiana nzuri. Persis alirudi nyumbani akakirudisha kiti mahali pake. Iliuma. Aliwahi kudhani kwamba akifa watajua siku hiyo hiyo. Sasa aliona kwamba ingewachukua muda, na kwamba wangeshtuka kidogo, na wangesema alikuwa mtu mzuri.

Ndipo asubuhi moja ya baridi akasikia miguu uwanjani, na kikohozi.

"Persis." Akakohoa tena. "Persis. Bwakire?"

Alikuwa Ombati, akimtakia asubuhi njema kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama atajibiwa. Persis alifungua mlango. Shemeji yake alikuwa amesimama pale na kigae cha makaa mikononi, jivu juu yake, na jani la mgomba juu ya jivu, vile vile mama zao walivyofanya. Usoni mwake palikuwa na mambo mawili yakigombana, na kusema kweli sijui lipi lilishinda.

"Mimi ni mzima, shemeji," Persis akasema.

"Naona."

"Umejuaje kwamba sina moto?"

Ombati alitazama makaa yake. "Siku ya kwanza nilifikiri ni Sabato, mpaka nikakumbuka ni Jumatatu. Siku ya pili nikakuona kisimani, na zilizofuata pia. Lakini jana sikukuona."

"Kwa hiyo kila siku unaangalia."

"Kila asubuhi. Nikitoka nje naangalia kwako kwanza."

"Unaangalia kama nimekufa."

Mtu mwingine angekana. Ombati alikuwa na tamaa, lakini hakuwa mwongo. "Naangalia," akasema.

 Persis akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ya mawe. Akamshika mkono na kumwingiza mpaka mlango wa chumba cha koti, akafungua. Ombati aliona safu za miche, nailoni ikiwa na matone kwa ndani, matundu mawili ukutani, na koti la kaka yake dirishani likikinga jua. Aliinama kutazama vizuri.

"Toa huo moto nje," Persis akamwambia. "Utaniulia watoto."

Ombati alitoka upesi, akaumwaga uwanjani, akarudi mikono mitupu. Persis akakileta tena kile kiti karibu na mlango, Ombati akakaa. Persis alimpa maziwa ya mgando, akayanywa yote.

"Hii imeshika," hatimaye akasema, kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kuhesabu nyasi.

"Imeshika."

Mvua kubwa za mwaka wa 1972 zilipoanza, miche ilikuwa imekwisha kuzoeshwa upepo, nailoni ikifunguliwa kidogo kidogo, mpaka ikaweza kulala nje. Mteremko ulipandwa chai, wazee wakaja kuona, wakanywa chai tena. Ng'ombe wa Ombati walibaki kwao. Persis aliyarudisha mafiga mahali pake, na kila alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, aliwasha moto na kutupia majani mabichi juu yake, moshi ukapanda mnene kupita wa nyumba yoyote kilimani. Jemimah alidhani kuni zake ni mbovu. Ng'ambo ya kijito, mzee mmoja alitoka nje, akatazama, akaguna, akaenda kukamua.

Waliendelea hivyo kwa miaka, wala hawakutembeleana tena.

Ombati alikufa mwaka wa 1977. Kwenye mazishi watu walistaajabu, kwa sababu Persis alilia kuliko wajane wake, akalia mpaka ikabidi ashikwe. Jemimah akamkumbatia, akamnong'oneza kwamba asisahau marehemu alitaka kumnyang'anya shamba.

"Najua," Persis akasema. "Sasa nani ataangalia moshi wangu?"