Maji Yaliyopanda Kioo

Jirani yangu Mzee Laurenti alikuwa amelazwa hospitalini hapa Biharamulo, akisubiri upasuaji wa kesho yake asubuhi. Aliomba jambo moja tu: amwone dada yake Pelagia kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Dada huyo anaishi Ntobeye, wilaya ya Ngara, na miguu yake haimruhusu tena kupanda na kushuka mabasi. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, na nina gari dogo. Nikasema nitamleta siku hiyo hiyo.

Niliondoka alfajiri. Karibu na Lusahunga manyunyu yalianza, nami nikaona kwamba dawa ya kioo imechoka. Kwa msomaji asiyeijua, hii ni dawa ya maji inayopakwa kioo cha mbele ili mvua isishike. Ikiwa nzima, tone la mvua hujikunja likawa kama punje ya mtama, na upepo wa mwendo hulisukuma likaondoka. Ikichoka, matone hulala bapa, maji hutanda, na taa ya lori linalokuja husambaa kioo kizima. Asubuhi ile kioo changu kilikuwa kimetanda. Kwa mvua ya pori la kule mbele, hilo si jambo la kupuuza.

Ntobeye nilifika jua limepanda. Mama Pelagia alikuwa amekaa barazani, mkoba miguuni, amevaa tayari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Yu hai?"

"Nimemwacha anakunywa uji."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba anipe muda kidogo nitengeneze kioo, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika. Niliweka gari kwenye kivuli cha nyumba, maana kwenye jua dawa hukauka kabla hujaieneza. Ukitaka kujaribu mwenyewe usiogope, ni kazi nyepesi. Osha kioo kwa sabuni, suuza, kausha, kisha kipitishie spiriti ili mafuta ya barabarani yatoke. Paka dawa kidogo kwa kitambaa laini, ukizungusha mkono, halafu iache mpaka kioo kiwe na ukungu kama kilichopuliziwa pumzi. Hapo ndipo unapofuta kwa kitambaa kikavu. Wengi hukosea kwa kupaka nyingi, au kwa kuipaka juu ya uchafu.

Wakati dawa inakauka, Konsolata, mkwe wa Mama Pelagia, aliniita ndani nile ndizi na maharage. Yeye mwenyewe alikuwa akiingia na kutoka. Nilipomaliza nikafuta kioo, kikawa safi kama hakuna kitu.

"Sasa hiyo itazuia mvua?" Mama Pelagia aliuliza.

"Haizuii, Mama. Inaifukuza."

"Na mvua ikikataa kufukuzwa?"

"Tuna waipa."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Mchana tulipita Kasulo, tukiacha nyuma malori yaliyopanga foleni kwenda Rusumo. Porini mvua ikatukuta, na giza lake likatufanya tuwashe taa. Nilizima waipa, kwa sababu kwenye mwendo dawa hufanya kazi peke yake. Matone yaligonga kioo, yakajikunja, yakaanza kupanda juu, mamia kwa mamia, bila sauti.

"Mwalimu," Mama Pelagia alisema taratibu, "maji yanapanda."

"Ni upepo wa gari unayasukuma, Mama."

"Nimeishi na maji miaka yote. Maji hayapandi."

Ukungu ukazidi, nikapunguza mwendo. Matone yakaacha kupanda, yakatulia kila moja mahali pake. Ndipo nilipoona kwamba upande wa Mama Pelagia, usawa wa uso wake, pana mahali ambapo matone hayakai. Maji yalitanda pale kwenye mstari mmoja wa kusimama. Kisha ukatokea wa pili, wa kulala, ukiukata ule wa kwanza. Ulikuwa msalaba, umenyooka, mrefu kama kiganja.

Niliwasha waipa. Ikapita, kioo kikawa cheupe. Msalaba ukarudi kabla ya tone lolote.

Nikasimamisha gari pembeni.

"Geuza," akasema. "Laurenti ameondoka. Nirudishe nikawaambie wa nyumbani."

Nilitoa simu. Mtandao haukuwepo. Nikamweleza, kwa upole niwezavyo, kwamba kioo kikiguswa kabla dawa haijakauka, palipoguswa dawa haishiki, na siku ya mvua panajionyesha.

"Nani amegusa?"

"Sijui, Mama."

Kweli sikujua. Yeye alijifunika uso kwa kanga akalia, si kwa kelele, akitaja majina ya utotoni ya kaka yake kwa Kihangaza. Msalaba ule ulikuwa ukitiririka bila kufutika.

Alipotulia nikamwambia, "Tukirudi, hutajua mpaka kesho. Tukienda, utajua leo."

Akafunua uso. "Nenda. Kama ameondoka, nimwoshe uso mimi mwenyewe."

Nyakahura mtandao ulirudi. Alinikataza kupiga hospitali, akisema anataka kuona kwa macho yake. Basi nikampigia Konsolata, spika ikiwa wazi ili naye asikie, nikamuuliza kuhusu msalaba.

"Ndiyo, niliuchora mimi," akajibu akicheka. "Wewe unapaka dawa, mimi naweka ulinzi. Pori lile si la kuchezea."

Mama Pelagia hakucheka. "Konsolata ameuchora," akasema. "Nani amemtuma?"

Tukaendelea.

Jioni tulifika Biharamulo. Mzee Laurenti alikuwa ameegemea mto, macho mlangoni.

"Umechelewa," akamwambia dada yake.

"Nilisimama njiani kukulilia."

"Basi kilio kimekwisha. Kaa hapa unipe habari za nyumbani."

Wakaongea mpaka wauguzi walipomtoa Mama Pelagia kwa utani.

Upasuaji ulifanyika, lakini Mzee Laurenti aliaga dunia wiki ile ile. Msibani watu walinong'ona kwa nini dada mtu hatoi chozi. Mimi sikunong'ona.

Siku ya kumrudisha Ntobeye jua lilikuwa kali. Safari hii ilinifunza kwamba dawa inapokauka usiondoke bila kuwaeleza wenyeji unachofanya, na atakayetaka kuombea gari aombee boneti. Ilinifunza pia kwamba maelezo yangu yote, ingawa ya kweli, yasingemfikisha yule mama kwa kaka yake kama asingekubali mwenyewe kwenda na hofu yake.

Katikati ya pori, pale tuliposimama siku ya mvua, aliniomba nisimame. Alishuka, akatazama ukingo wa barabara, akarudi kitini.

"Hapa ndipo nilipomzika," akasema. "Kule kwenu nilikwenda kumsalimia."