Mwaka Mama Aliponyima Mbegu ya Miwa

Sisi tuliokulia lile bonde lililo chini ya mashamba ya chai ya Mponde tulikuwa na meno ya kazi. Siku hizo muwa haukukamuliwa kwa mashine, ukatiwa tangawizi na ndimu, ukawekewa mrija kama dawa ya mgonjwa. Muwa uliukata mwenyewe, ukaufuta matope kwenye gauni, ukauma ganda pembeni ya fundo na kulivuta mpaka chini. Aliyevuta ganda refu bila kulikata alikuwa bingwa, na ubingwa huo ulitosha kumtembeza mtu kifua mbele mpaka shuleni. Wajukuu zangu nikiwapa muwa mzima wananitazama kama nimewapa ukuni. "Bibi, hukuukata vipande?" Vipande! Meno mmepewa ya nini, ya kupigia picha?

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa la jiko, na tulikwenda shule miguu ikiwa myekundu kwa udongo, mfukoni tumeficha mafyulisi na pingili moja ya muwa. Tulicheza rede na mdako. Tulikula makande yaliyolala, ambayo mpaka leo nasema ni matamu kuliko yaliyopikwa siku hiyo hiyo, na asiyekubali aje tubishane. Makapi ya miwa yalijaa uwanja wa shule hadi mwalimu akapiga marufuku. Tukaanza kuyameza, tukaumwa matumbo, marufuku ikafa yenyewe.

Kwetu chai ilikuwa ya baba. Mahindi na maharage yalikuwa ya nyumba nzima. Miwa ya bondeni kando ya kijito ilikuwa ya mama, na hapo hata baba aliomba ruhusa kabla ya kukata. Alilipata shamba lile kama wanawake wote wa bonde letu walivyopata yao. Mbegu ya muwa kwetu haikuuzwa. Bibi arusi, masika yake ya kwanza, alizungushwa na mama mkwe nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilimkatia mzigo wa mbegu, yaani pingili za kupanda. Kumnyima lilikuwa jambo ambalo halijawahi kusikika. Na aliyepewa hakufungua mzigo mbele ya aliyempa. Alishukuru, akajitwisha, akaondoka. Ukianza kufungua na kugeuzageuza, umemtukana mwenzako.

Jumamosi ilikuwa siku ya kukagua. Wenzetu wa siku hizi Jumamosi wanalala mpaka jua linawagonga usoni. Sisi mama alitupanga kila mtoto na mstari wake, tukaingia kwenye miwa tumeinama, umande ukitumwagikia shingoni, majani yakitukata mikono. Ulitazama kwanza jani la katikati, lile changa linalochomoza juu. Likiwa limekauka wakati mengine ni ya kijani, ulilivuta. Likitoka bila kung'ang'ania, na likinuka uozo chini, funza yumo. Kwenye muwa mkubwa ulitafuta tundu dogo linalotoa unga mbichi kama wa mbao iliyokatwa kwa msumeno. Ulibandua majani makavu kuona kama shina lina vidugamba, wale wadudu wanaojibandika kama magamba meupe wakifyonza utamu. Sisimizi wakipanda na kushuka kwa haraka, ulijua huko juu kuna vidukari. Mchwa walianzia chini, kwenye udongo mkavu.

"Macho chini, Yunisi!" mama alinipigia kelele kutoka mstari wake. "Funza hakai unapoangalia wewe!"

Nilichukia sana kukagua. Nilichopenda ni kupasua muwa mgonjwa na kumkuta funza kwenye handaki lake jekundu, mnene, hana habari. Tulimtupia kuku. Kuku wa kwetu walijua Jumamosi kuliko sisi, walitusubiri ukingoni mwa shamba.

Basi mwaka mmoja shangazi yangu Raheli, dada yake baba, alitoka kutembelea ndugu kule chini tambarare kwenye joto, upande wa Korogwe. Alirudi na miwa minene ambayo hatujawahi kuona, akaipanda kwake, na akamkumbuka wifi yake. Alimletea mama mzigo mzima wa mbegu, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Mama alishukuru, akasubiri wifi aondoke, na kwa kuwa giza lilishaingia na mvua ilikuwa inakuja, akaipanda alfajiri bila kuikagua. Huyo ni mama aliyekagua kila kitu, mpaka masikio yetu kabla ya ibada. Lakini mzigo wa wifi uliofungwa vizuri namna ile, nani angeushuku?

Vuli mvua ikawa haba. Majani ya katikati yakaanza kukauka, kwanza kwenye ile miwa mipya, kisha kwenye mistari ya jirani, kisha kwenye mistari yangu. Kila tulipovuta, jani lilitoka. Mama alipasua muwa baada ya muwa, na kila mmoja ulikuwa na handaki jekundu.

Masika yalipoanza, shangazi akaja asubuhi na mkwe wake mpya, Stela, aliyekuwa ameolewa na mtoto wake mkubwa. Stela amevaa khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, ngata iko tayari mkononi kwa ajili ya mzigo.

"Onga makeo!" shangazi akaita kutoka uani, akisalimu kwa Kisambaa.

"Onga!" mama akaitikia. Nasi tukatoka kuamkia, shikamoo kwa huyu na kwa huyu, chai ikamiminwa.

"Wifi, tumekuja kuomba mbegu," shangazi akasema. "Huyu mtoto anaanza shamba lake."

Mama akaweka kikombe chini. "Mwaka huu sina mbegu, wifi."

Shangazi akacheka, akidhani ni utani. Kutoka mlangoni miwa ilionekana yote. "Huna? Na ile iliyojaa bondeni ni nini, matete?"

"Ile haifai kumpa mtu."

"Unaninyima mimi? Mbele ya mkwe wangu?"

"Sikunyimi mbegu, wifi. Nakunyima funza. Masika ya mwaka kesho nitamletea Stela mwenyewe, kwa kichwa changu, mpaka mlangoni kwake. Nisipoleta, niite mchoyo mpaka nazikwa."

Shangazi alisimama na chai haijafika nusu. Stela, maskini, hakujua aage au asiage. Akatupungia mkono wenye ngata na kumfuata mama mkwe wake.

Jioni baba alifoka. "Si ungemwambia tu kwamba funza walitoka kwake?"

"Mbele ya mkwe wake? Nimvue nguo dada yako mbele ya mtoto aliyeolewa juzi?" Mama alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. "Aniseme. Mimi nitasafisha shamba."

Na kweli alisemwa. Kisimani wanawake walinyamaza akifika. Kanisani, kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno, ambako kila mwaka alipeleka fungu la miwa likagombaniwa, alipeleka maharage, na nikasikia mtu akinong'ona kwamba hata Mungu siku hizi ananyimwa. Niliumia. Nilitaka mama aseme ukweli pale pale mbele ya kanisa zima, tumalize. Mama alininong'oneza nifunge mdomo, tukaenda nyumbani, na kesho yake akanoa panga.

Wale mnaodhani kilimo ni kupuliza dawa na kurudi kwenye kivuli, sikilizeni. Bwana shamba wa kata alipopita, kijana mpole aliyetembea kwa miguu toka Bumbuli, baba alimwomba dawa. "Mgosi, nikikuuzia dawa nitakuwa nakudanganya," alimwambia. "Funza yuko ndani ya muwa, amejifungia. Dawa itaishia juu ya majani." Akatuambia tung'oe mashina yote yaliyougua pamoja na mizizi, tusiache hata kipande shambani. Tubandue majani makavu hewa ipite, vidugamba wakose pa kujificha. Tupande majani ya tembo pembezoni, kwa sababu nondo anayezaa funza huyapenda kuliko muwa. Atataga huko, nasi tuyakate tumlishe ng'ombe. Mbegu tutakayopanda tuiloweke kwanza kwenye maji ya moto.

Mama aliyashika yote. Tuling'oa mpaka viganja vikachubuka. Ng'ombe alikula miwa hadi akawa anachagua. Shamba likabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na wapita njia walitikisa vichwa. Kwenye maji ya moto tulikosea vibaya. Mama alichochea moto chini ya pipa kwa bidii zote, mbegu ikaiva. Tulipanda, tukasubiri, hakikuota kitu. Baba akasema safari nyingine mama atie na chumvi, tule. Mama hakucheka. Safari ya pili aliweka maji ambayo mkono unayavumilia kwa shida, akakaa pale pale akipoza na kuchochea, na baada ya hapo pingili zikachipua.

Halafu mama akagundua kwamba kazi yote ile ingekuwa bure. Shamba la shangazi lilikuwa juu ya letu, kijito kile kile, na nondo hawahitaji ruhusa kushuka. Angeweza kupeleka maneno kwa mzee wa kanisa, au kumtuma baba kwa dada yake. Jumamosi iliyofuata alituamsha mapema, akatupa kila mtu panga au jembe, na tukapanda mlima wote kwenda kwa shangazi bila kualikwa.

Shangazi alikuwa peke yake anafagia uwanja. Aliitikia salamu zetu akiangalia ufagio. Mama akaenda moja kwa moja kwenye ile miwa minene, akakata mmoja, akauleta uwanjani na kuupasua miguuni pa wifi yake. Funza wakaanguka mavumbini. Kuku wa shangazi hawakuwa na mafunzo, walitazama tu.

Shangazi aliwatazama wale funza. Aliangalia mapengo ya shamba letu kule chini, kisha akamwangalia mama. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuletea," akasema polepole. "Na mwaka mzima umenyamaza."

"Shika panga, wifi," mama akamwambia. "Jua linapanda."

Walikata hadi alasiri bila kuzungumza zaidi ya "sogea" na "shika hapa". Jumamosi nyingine shangazi mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba akiita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na bonde zima likaingia, mstari kwa mstari, Walutheri, Waislamu, wachuma chai waliokuwa na siku ya mapumziko. Wale waliomwita mama mchoyo walikuja na makande. Sitasahau jinsi miwa ilivyotikisika bonde zima siku ile na watu wasionekane, sauti tu zikiitana ndani. Nilijisikia fahari hata mgongo ukasahau kuuma.

Masika yaliyofuata mama alijitwisha mzigo na kwenda nao kwa Stela, sisi nyuma yake. Shangazi alikuwa amekaa kibarazani na majirani kadhaa. Mama akatua mzigo mlangoni.

"Fungua," akamwambia Stela.

Stela akamtazama mama mkwe wake kwa hofu. Kufungua mbele ya mwenye kutoa!

"Fungua, ukague mbele yangu. Pingili moja moja."

"Kagua, mwanangu," shangazi akasema. "Mimi ningekagua."

Stela akapiga magoti na kukagua, akigeuza kila pingili, akitazama macho ya kuchipulia na sehemu zilizokatwa kama zina wekundu. Hakupata hata tundu moja. Tangu siku hiyo, mbegu katika bonde letu ilifunguliwa mbele ya aliyeitoa, na hakuna aliyekasirika tena.

Mama ametangulia, shangazi pia. Bonde sasa limejaa kabichi na karoti za kupeleka mjini, na miwa imebaki vipande vipande, huku kwangu, kule kwa Stela ambaye siku hizi ana mvi kama mimi. Mwaka huu funza wamerudi. Niliwaita vijana tukague. Wakapiga picha jani lililokauka, wakaituma kwenye kundi lao la simu kuuliza dawa, wakajibiwa dawa za aina tano, wakaridhika, wakaenda zao. Mjukuu wa Stela ameniambia kwa heshima zote, "Bibi, ng'oeni tu mpande kabichi." Nimemjibu kwamba nitang'oa, lakini yenye funza tu.

Sina hasira nao sana. Kidogo tu. Ninachokosa ni zile sauti zikiitana ndani ya miwa, kwa sababu zamani mtu asipotokea shambani Jumamosi tulipita kwake kuuliza anaumwa nini. Siku hizi ukionekana unakwenda umeinama na panga lako, wewe ndiye unayeulizwa unaumwa nini. Mimi na Stela hatuumwi kitu zaidi ya magoti. Wiki iliyopita tumemaliza kwangu, Jumamosi hii tunaanza kwake.